Wimbo Uliozingatia Itifaki

Iko nchi moja, jirani zake wanaijua na yenyewe haijijui, ambako huzuni ilipigwa marufuku kwa tangazo la serikali. Si kwamba serikali hiyo ilikuwa na roho mbaya, la hasha! Ilifanya utafiti, ikagundua kuwa wananchi wanaoimba nyimbo za huzuni huishia kuuliza maswali, na maswali huleta msongamano kwenye ofisi za umma. Basi ikaundwa Wizara ya Shangwe, ikapewa jengo refu kuliko hospitali kuu, na redio ya taifa ikaamriwa isipige kitu chochote kisichochezeka. Hata matangazo ya vifo yalisomwa juu ya mdundo mwepesi, na wafiwa walishauriwa kutikisa mabega kidogo wanapoyasikiliza, kwa faida ya afya zao wenyewe.

Katika nchi hiyo aliishi Zawena, mwimbaji wa nyimbo za kuchezeka, na dada yake mmoja tu, Tunu. Tunu alikuwa fundi cherehani. Yeye ndiye aliyemshonea Zawena magauni yote ya jukwaani, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyacheza, peku, katikati ya vitambaa, huku wateja wake wakingoja nguo zao mlangoni na kulalamika. Hakukuwa na wimbo wa Zawena uliotoka kabla Tunu hajaupa kibali kwa miguu yake.

Siku Tunu aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, hospitali kuu ilikuwa imepata jenereta mpya. Jambo la heri. Lakini jenereta ya umma haiwezi kuanza kazi hivihivi, kama kitu kilichookotwa, lazima izinduliwe. Waziri wa Afya wa wakati ule, Mheshimiwa Dokta Mabungo, akaagiza ing'olewe hospitalini, ipakiwe kwenye lori, ipelekwe uwanja wa taifa ikawashe spika za sherehe ya kuizindua yenyewe. Adhuhuri umeme wa mji ukakatika, kama ilivyo desturi yake. Kule uwanjani spika ziliendelea kunguruma vizuri mno, na Mheshimiwa akaisifu jenereta kwa hotuba ndefu. Kule hospitalini daktari alikuwa ameshampasua Tunu tumbo, na akabaki gizani na kisu mkononi. Tunu alikufa pamoja na mtoto wake.

Jioni redio ya taifa ilitangaza kwamba sherehe ilifana sana, ingawa mgonjwa mmoja alipata usumbufu. Mheshimiwa Mabungo aliadhibiwa vikali: alihamishiwa Wizara ya Shangwe, yenye magari mengi zaidi.

Mama yao, Bi. Mwatumu, aliisikiliza taarifa ile mpaka mwisho. Miguu yake ilikuwa imemgomea tangu zamani, na redio ndiyo iliyokuwa ikimtembeza. Akamgeukia Zawena.

"Mgonjwa mmoja," akasema. "Mwanangu nilimzaa, nikampa jina, akaitika. Leo amekuwa mgonjwa mmoja?"

"Mama, ndivyo wasemavyo."

"Sitaki fidia yao, wala pole yao sitaki. Nataka redio ileile imtaje. Tunu. Mara moja tu, nisikie kwa masikio yangu kabla na mimi sijamfuata."

"Marehemu hawatajwi pale, Mama, labda awe mkubwa."

"Wewe si nyimbo zako zinapigwa? Basi mtie humo!"

Zawena alimwahidi mama yake. Huzuni ilikuwa marufuku, lakini hakuna kifungu kilichokataza kumwita mtu aje kucheza.

Prodyuza wake aliitwa Shaweji, kijana mnene mwenye studio nyuma ya bucha, kuta zake zimefunikwa magodoro chakavu ili sauti ya shoka la mwenye bucha isiingie kwenye mapenzi ya watu. Shaweji alipoambiwa wimbo ni wa nani, alitoka, akarudi amebeba cherehani ya Tunu begani, akaiweka mbele ya maikrofoni, akaanza kukanyaga. Ile tikitiki ya sindano akaifanya ndiyo mdundo mwembamba wa juu, chini akatandika besi, katikati akaacha nafasi ya mtu kupumua. Ilikuwa biti ya kumwinua mgonjwa kitandani. Mwenye bucha alikuja kulalamika kuhusu kelele, akajikuta anacheza na shoka lake mkononi.

Kiitikio kilimjia Zawena palepale, akiwa amesimama:

*Tunu, ingia kati,*
*uwanja wote ni wako;*
*Tunu, ingia kati,*
*viatu vitakukuta huko.*

Alikiimba mara ya kwanza akilia, mara ya pili akicheka, na mara ya tatu Shaweji akakinasa. Walipousikiliza wimbo wote mwanzo hadi mwisho walijua, kama mpishi anavyojua chumvi imekolea, kwamba hawajawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Kilikuwa kimebaki kibali tu.

Vibali vilitolewa na Bodi ya Shangwe, chini ya Mkurugenzi wake Bwana Lukanga, mtu laini, mwenye kusema kwa upole hata anapokukata koo. Kwanza Zawena alipitishwa kwa Afisa Mwandamizi wa Viuno. Afisa huyu, mtu mzima na pete yake ya ndoa, alimwekea kiunoni pima maji ya fundi mwashi, akamwamuru acheze, akainama kuangalia kitone cha hewa kimekwenda wapi. Aliinama kwa muda mrefu kuliko kitone kilivyohitaji. Kisha akaandika kwamba kiuno kipo ndani ya viwango vya taifa ila kirudi Jumatatu kwa uhakiki. Wenzake walimtazama kwa wivu wa kikazi.

Halafu wajumbe wakausikiliza wimbo. Miguu yao ilicheza chini ya meza, na nyuso zao juu ya meza zikabaki za kiserikali.

"Wimbo ni mzuri," alisema Bwana Lukanga. "Una kasoro moja tu, binti yangu. Umeanza bila salamu."

"Salamu gani, mzee?"

"Itifaki, mama, itifaki! Wimbo huu utaingia katika masikio ya Mheshimiwa Rais, ya Makamu wake, ya Spika, ya wakuu wa vyombo, ya wazee waasisi. Unawaingilia tu na 'Tunu, ingia kati'? Ukishamwingiza Tunu kati, wao unawaweka wapi? Pembeni?"

Wajumbe walitikisa vichwa kwa uchungu. Hakuna aliyewahi kulifikiria hilo, na wote walionekana kuumia tangu utoto.

"Na huyu Tunu," aliuliza mjumbe mmoja, "ana wadhifa gani?"

"Alikuwa fundi cherehani."

"Wa serikali?"

"Wa mtaani. Ni marehemu."

"Ahaa!" Bwana Lukanga akatua kalamu kwa faraja. "Hilo linarahisisha kazi. Marehemu asiye na wadhifa hana kiti, kwa hiyo hawezi kukalia cha mtu. Akae hapohapo kwenye kiitikio, ila aanze kusikika baada ya wakubwa wote kusalimiwa."

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na Zawena akainama. Alirudi studio na orodha ya wakubwa, akaiimba. Alimsalimu Rais kwa vyeo vyake vyote, na mke wa Rais, na mke mwingine ambaye hakutajwa kuwa mke. Aliwasalimu mawaziri, naibu wao, makatibu, wenyeviti wa bodi, na mwenyekiti wa kamati ya kuratibu wenyeviti. Kila alipopeleka kazi, ilirudishwa: fulani ametangulizwa mbele ya shemeji yake, fulani ameitwa Bwana ilhali tangu jana ni Mheshimiwa. Salamu zikawa ndefu kuliko wimbo, kisha ndefu kuliko nyimbo zote alizowahi kuimba. Sauti ya cherehani nayo ikaondolewa, kwa kuwa haikuonyesha leseni ya biashara.

"Sasa umepata mwili," alisema Bwana Lukanga aliposikiliza, akifuta jasho.

Zawena alitamani kumtemea mate. Lakini mwisho kabisa wa msururu ule wa vitambi, baada ya maneno "na wananchi wengine kwa ujumla wenu", Tunu alikuwa bado yupo, anaitwa aingie kati. Akajifuta uso, akasema ahsante mzee, akaenda zake.

Heri ingeishia hapo. Wimbo ulipofika mezani kwa Waziri kwa sahihi ya mwisho, Mheshimiwa Mabungo aliupenda. Alimwita Zawena na Bwana Lukanga nyumbani kwake, akiwa anakula mchana.

Udaktari wa Mheshimiwa ulikuwa wa heshima, alioutunukiwa na chuo alichokianzisha mwenyewe. Alikula kuku mzima peke yake, kwa mikono miwili, na alizungumza bila kungoja kumeza, kiasi kwamba punje za wali zilimtangulia na maneno yakafuata nyuma. Moja ilimwangukia Zawena shavuni. Hakuthubutu kuipangusa.

"Wimbo wako umenigusa," alisema Mheshimiwa. "Ila hilo jina, Tunu, ni jepesi. Kiitikio ni nguzo. Taifa zima litakirudia! Je, tunaweza kuegemeza taifa zima juu ya jina ambalo halina hata gari?"

"Haiwezekani, Mheshimiwa," alisema Bwana Lukanga, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kusuka vilemba vya ukoka na kuvivisha vichwa vya watu. "Kwa mtazamo wangu mdogo, pale pangefaa jina lenye mdundo wake. Ma-bu-ngo! Hata bila ngoma mtu anacheza."

"Mimi sikusema hivyo," alisema Mheshimiwa, akiangalia dari kwa haya.

"Hukusema, Mheshimiwa. Ni sauti ya wananchi."

Zawena akashindwa kujizuia.

"Mheshimiwa, Tunu ni dada yangu. Alikufa kwenye upasuaji, siku ile mlipoizindua jenereta."

Mheshimiwa Mabungo aliacha kutafuna. Alitua mfupa sahanini taratibu, macho yakaanza kumlegea. Hata Bwana Lukanga alikosa pa kutazama. Kwa muda mfupi Zawena aliamini, Mungu amsamehe, kwamba mle ndani ya yule mtu kumbe kuna mtu.

"Siku ya jenereta!" alisema Mheshimiwa kwa sauti ya kumbukumbu. "Lukanga, unaikumbuka siku ile? Zile spika! Zilinguruma mpaka glasi zikatetemeka mezani." Akavuta pumzi ndefu, akamgeukia Zawena kwa huruma ya kweli. "Pole sana, binti. Dada yako alikosa sherehe ya maana."

Kisha akamshika mkono kumfariji, kwa kiganja kilichojaa mafuta ya kuku, akaubana muda mrefu. Zawena alipotoka nje aliusugua mkono ule kwa mchanga wa bustani ya Waziri, akausugua hadi ngozi ikawaka, na bado aliisikia harufu.

Bwana Lukanga alimfuata mpaka getini kumweleza hali halisi, kwa upole wake uleule. Bila Mabungo kwenye kiitikio, wimbo huo hautapigwa. Wala nyimbo zake za nyuma. Wala za mbele. Ukizinduliwa, utarushwa moja kwa moja na redio ya taifa kutoka uwanjani, Ijumaa, nchi nzima ikisikiliza.

"Moja kwa moja?" aliuliza Zawena.

"Moja kwa moja, binti yangu. Heshima iliyoje!"

Zawena akakubali upesi, hata Bwana Lukanga akashangaa. Alikwenda mbio hadi studio, akamkuta Shaweji amejilaza juu ya spika.

"Wanarusha moja kwa moja," alimwambia. "Hakuna wa kukata."

Shaweji akainuka kitako. "Neno likishatoka kinywani halirudi, dada. Hata kama ni mbele ya Rais."

"Watanipiga."

"Watatupiga wote. Lakini mama atakuwa ameshasikia." Akakuna kichwa. "Nitakuachia upenyo. Salamu zikiisha, kiitikio kikifika, nitazima biti yote. Besi, ngoma, waitikiaji, kila kitu. Uwanja utakuwa kimya kabisa. Hapo umwite Tunu wetu, kisha nami nirudishe ngoma kwa nguvu zote, na cherehani ndani yake."

Zawena alimpigia simu mama yake. "Ijumaa, Mama. Usiondoke redioni."

"Niondoke niende wapi, na miguu hii?" alisema Bi. Mwatumu, na Zawena akamsikia anacheka, kicheko ambacho hakikuwa kimetoka tangu msiba.

Yakabaki mazoezi. Wizara ile haikufanya kitu bila mazoezi, maana ilikuwa imeumbuka zamani pale kwaya moja ilipomwita Rais kwa jina la mtangulizi wake. Kila asubuhi Zawena alisimamishwa kwenye ua wa Wizara, juani, mbele ya viti vitupu vyenye majina ya wakubwa, akaimba. "Mabungo, ingia kati." Tena, kwa tabasamu. "Mabungo, ingia kati." Tena, ukinyoosha mkono kuelekea kiti. Tena, Mheshimiwa atapenda uinamishe kichwa kidogo. Bwana Lukanga hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema tena, tena, kama mtu anayembembeleza mtoto ale, na Zawena aliimba huku rohoni akijisemea, niimbisheni tu, Ijumaa mtaona. Hakuona hatari yoyote. Alidhani kinywa ni chake.

Asubuhi moja, akiwa nyumbani anaosha mchele, alijisikia anaimba peke yake, kwa furaha, bila kuambiwa na mtu: Mabungo, ingia kati. Alitema mate, akaumwaga mchele wote uani.

Ijumaa ikafika. Uwanja ulifurika, kwa kuwa maduka yalifungwa kwa nguvu na wanafunzi walisombwa kwa malori. Wakubwa walikaa kivulini wakipepewa, wananchi juani. Zawena akapanda jukwaani na gauni la mwisho aliloshonewa na dada yake, akaanza kusalimu.

Jamani, yule aliyesema binadamu ni bora kuliko mnyama hakuwahi kuuona uwanja ule! Kila mkubwa aliposikia jina lake aliinuka kitini, akachezesha tumbo, akaketi akihema, na waliomzunguka wakapiga makofi kana kwamba amejifungua salama. Mkuu wa chombo kimoja alicheza mpaka bastola ikamdondoka. Naibu waziri mmoja alitajwa baada ya shemeji yake, akaondoka na msafara mzima, ving'ora vikilia katikati ya wimbo. Wawili waliokuwa na vyeo sawa walisukumana kuhusu nani ainuke kwanza, na mmoja akamng'ata mwenzake sikio. Watoto wa shule walianguka kwa jua, wakabebwa, na nafasi zao zikajazwa na watoto wengine. Salamu zikaendelea.

Hatimaye akafika. *Na wananchi wengine kwa ujumla wenu.* Zawena aligeuza macho kando ya jukwaa. Shaweji alikuwa ameinamia mitambo yake, jasho likimchuruzika, kidole tayari. Akaitikia kwa kichwa, akabonyeza.

Ngoma ikakatika. Waitikiaji wakakatika. Uwanja wote ukanyamaza ghafla, hata wakubwa wakaacha kutafuna karanga. Upenyo ulikuwa wazi kabisa mbele yake, mtupu, wa Tunu peke yake. Zawena akamwona dada yake waziwazi, peku katikati ya vitambaa. Akajaza kifua, akafumbua kinywa.

"Mabungo," kikasema kinywa chake, "ingia kati."

Kwa tabasamu. Kwa mkono ulionyooshwa kuelekea kiti. Hata kichwa kiliinama kidogo.

Shaweji alimtazama bila kuelewa. Kidole chake, kilichokuwa kimeshaanza kazi, kikairudisha ngoma kwa nguvu zote, na cherehani ya Tunu ndani yake, na ilikuwa biti kali kuliko zote zilizowahi kusikika nchini humo. Uwanja ukalipuka. "Mabungo!" waliitikia wale wenye kiu, wale wenye njaa, wale waliobebeshwa watoto waliozimia. "Mabungo, ingia kati!" Zawena akafumbua kinywa tena kulitafuta lile jina lingine, lakini Mheshimiwa alikuwa ameshapanda jukwaani, ameshamkwapua maiki, na tangu hapo alijiita mwenyewe mpaka mwisho wa wimbo, akijibu mwenyewe, akijishangilia.

Zawena alishuka, akaenda nyuma ya jukwaa akatapika. Alitapika mpaka pakatoka nyongo tupu. Alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia Mabungo. Mabungo alimla kuku wake akamsahau Tunu, lakini kinywa hiki kilikuwa cha ndugu yake. Walinzi walimpongeza walipopita.

Simu ikaita. Alikuwa mama yake, na nyuma yake zilisikika sauti za majirani wengi aliowaalika.

"Zawena! Tupo hapa, nyumba imejaa. Wimbo ni mtamu, mwanangu, mpaka na mimi nimetikisa mabega. Ila nimemsikia mtu mmoja tu anaitwa, sijui Mabungo, sijui nani. Wangu mimi yupo ubeti gani?"

Zawena alifumba macho. Jukwaani walikuwa wameshaanza kusoma majina ya wadhamini.

"Wa mwisho, Mama," alisema. "Bado haujafika."

"Ahaa! Nilijua tu. Nimewaambia hawa nyamazeni, ngojeni, Zawena hawezi kumsahau mwenzake." Akawageukia majirani, akawahimiza waketi. "Haya, basi sizimi," akasema, akakata simu haraka asije akapitwa.